Ua wa misaipresi unakauka: kabla hujamwaga kitu, tazama ukavu ulipoanzia

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nyumbani kwetu ni Lushoto, nje kidogo ya mji. Tuna ua wa misaipresi wa mita kama 40 ambao marehemu baba aliupanda mwaka 1998. Upande mmoja ni barabara, upande wa pili ni shamba la jirani. Tangu mwezi wa sita miti minne ya katikati inakauka, na wiki mbili zilizopita mwingine karibu na geti umekauka wote kwa mpigo kama uliounguzwa. Jirani anasema ni mchwa. Kijana anayetukatia ua anasema umekosa mbolea, kwa hiyo nimeweka urea na namwagilia kila jioni. Shemeji anasema nisijisumbue, nikate wote nijenge ukuta wa tofali. Nimetuma picha sita. Je, utapona? Na matawi makavu nifanyie nini?

JIBU: Marahaba, dada. Leo jioni usimwagilie, na mfuko wa urea urudishe stoo. Sababu utaziona huko mbele, ila hayo mawili hayawezi kusubiri.

Sasa swali lako lenyewe. Msaipresi ukishageuka kahawia, sehemu ile imekwenda. Hakuna dawa, samadi wala maji ya kurudisha ukijani. Wauzaji wengine watakuambia ipo, ukifika dukani utaniambia wamekuuzia shilingi ngapi. Kinachoweza kuokolewa ni kile ambacho bado ni kijani. Na hapo hali yako si mbaya kama unavyoiona ukisimama mlangoni. Nimehesabu mashina kwenye picha ya kwanza: yako kila nusu mita hivi, kwa hiyo kwa mita 40 una miti karibu 80. Umepoteza mitano. Macho yanakimbilia pale palipokauka na kusahau ile sabini na kitu.

Kuna tabia moja ya mti huu inayowachanganya watu wengi. Mnapokata tawi la Krismasi na kulisimamisha sebuleni kwenye ndoo ya mchanga, linakaa kijani wiki mbili, tatu, na huku halina mzizi hata mmoja. Msaipresi ulio shambani nao ni hivyo hivyo. Unaweza kuwa umeshakatika roho mwezi wa nne ukaendelea kuvaa kijani hadi wa saba. Kwa hiyo mtu akiniambia "umekauka wiki iliyopita", mimi namuuliza mwezi wa tatu na wa nne palitokea nini hapo. Nani alichimba, nani alikata, nani alimwaga nini.

Picha zako nimezitazama moja moja, nikazikuza hadi macho yakauma. Ninachokiona ni ukavu wa aina tatu kwenye ua mmoja, na kila mmoja una chanzo chake. Ndiyo maana jirani, kijana na shemeji hawaelewani.

Nianze na ile minne ya katikati, kwa sababu ndiyo inayoweza kuambukiza mingine. Picha ya tatu, uliyoipiga ukiwa umefunua matawi kwa mkono, inaonyesha kwamba ncha za nje bado zina ukijani hafifu lakini ndani, karibu na shina, kumekauka. Ni kweli kwamba msaipresi wenye afya nao hudondosha majani ya ndani kwa kukosa jua, lakini ule huwa ni ukavu wa kawaida unaolingana ua mzima. Wa kwako uko kwa mabaka, umeanza ndani na unatoka nje. Halafu kuna vitu viwili ambavyo sidhani uliviona ulipopiga picha: vitawi vimepakwa kitu cheusi kama masizi ya sufuria, na kwenye shina kuna msafara wa sisimizi wanaopanda na kushuka. Sisimizi hawapandi msaipresi kwa matembezi. Juu kuna sukari.

Sukari hiyo ni kinyesi cha vidukari, ambao wakulima wengi wanawaita wadudu mafuta. Huyu wa misaipresi si yule wa kijani unayemjua kwenye sukumawiki. Ni wa kahawia iliyochanganyika na kijivu, ana ukubwa wa punje ya ufuta, na anajipanga juu ya kitawi cha kahawia ukidhani ni sehemu ya gome. Nimewahi kusimama na mwenye shamba mbele ya tawi lenye mamia yao, na yeye akaapa kwamba hapo hamna mdudu. Wanafyonza utomvu, na mate yao yenyewe ni sumu kwa kitawi, ndiyo maana hasara ni kubwa kuliko unavyotegemea kwa mdudu mdogo hivyo. Masizi yale ni ukungu unaoota juu ya kinyesi chao kitamu, na wenyewe hauui mti.

Mdudu huyu ni mgeni kwetu. Alionekana kwa mara ya kwanza kusini mwa Afrika Mashariki, huko Malawi, mwaka 1986, akapanda kaskazini kupitia nchini kwetu, na kufikia 1990 alikuwa ameshafika Kenya. Kila alikopita, nyua na mashamba ya misaipresi yalibaki kahawia. Waliokuwa watu wazima miaka ile, huko Usambara na nyanda za juu kusini, wanakumbuka. Kwa muda wataalamu walimwita kwa jina la ndugu yake wa Ulaya, hadi mwaka 1999 alipopewa jina lake la kisayansi, Cinara cupressivora. Kilichotusaidia kidogo ni nyigu mdogo sana aitwaye Pauesia juniperorum, aliyeletwa kutoka Ulaya na kuanza kuachiwa Malawi mwaka 1994, kisha nchi nyingine. Anataga yai ndani ya kidukari, na mtoto wake anamla kidukari kutoka ndani. Vidukari hawajaisha, lakini siku hizi huwa wanapanda na kushuka, na hupanda zaidi kipindi cha baridi na ukavu. Kwenu Lushoto hiyo ni Juni hadi Septemba.

Usiniamini kwa picha tu, thibitisha mwenyewe. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, tandika kitambaa cheupe au gunia la unga lililogeuzwa chini ya tawi lililo mpakani mwa kijani na kahawia, kisha ligonge kwa fimbo mara tatu za nguvu. Subiri kidogo. Uchafu hautembei. Ukiona "uchafu" unatembea, umempata. Njia nyingine ni kupitisha kiganja juu ya kitawi ukikibana kidogo: ukitoka na doa la kahawia nyekundu lenye kunata, jibu ni lile lile.

Wakati unawatazama, tafuta pia waliovimba kama vipira vidogo vikavu vya rangi ya shaba, vyenye tundu mgongoni. Hao ni waliokwisha kuliwa na nyigu. Ukiwakuta wengi, au ukiwakuta wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi wakizunguka, usipulize sumu yoyote. Jeshi lako lipo kazini tayari na sumu italiua kabla ya vidukari.

Ukiwakuta vidukari hai wengi na hakuna wa kuwala, anza na maji. Kama una mpira wenye nguvu, fungua ua kwa mkono na uwapige kutoka ndani kwenda nje. Wakianguka wengi hawarudi. Siku inayofuata pulizia sabuni: mililita 10 za sabuni ya maji isiyo kali kwa kila lita moja ya maji, yaani mililita 200 kwa ndoo ya lita 20. Jaribu kwanza kwenye tawi moja na ungoje siku mbili uone kama halijaungua. Sabuni inaua kwa kumgusa mdudu akiwa ameloa, ikikauka haina kazi tena, kwa hiyo ukipulizia juu juu kama unayemwagia maua utakuwa umeosha ua tu. Ingiza mdomo wa bomba ndani kabisa, hadi kwenye vitawi vya kahawia. Rudia baada ya siku 7, mara tatu. Pulizia ile minne na mita tatu kila upande wake. Ua mzima hauna haja.

Dawa za dukani zipo, zikiwemo zile zinazopenya ndani ya mmea kama imidakloprid, na zinafanya kazi. Mimi ningeziweka mwisho. Nyuki hufuata ile sukari ya vidukari, na Lushoto mna mizinga. Ikibidi, nunua kwenye duka la pembejeo, chupa yenye lebo inayosomeka na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kipimo kiwe cha kwenye lebo, si cha muuzaji. Ile inayopimwa kwenye chupa ya soda usiiguse.

Na hapa ndipo urea inapoingia. Urea inausukuma mti kutoa machipukizi laini yenye utomvu mwingi wa naitrojeni, na kidukari hula hapo akazaa haraka zaidi. Hawa wote ni majike yanayozaa watoto hai bila kuhitaji dume, kwa hiyo ukiwapa chakula kizuri hesabu yao inakimbia. Kijana wako alikuwa na nia njema, lakini alikuwa anamwandalia mgeni karamu.

Twende getini. Mti wa pale na nusu ya unaofuata umekauka kuanzia kileleni hadi chini, rangi moja, bila mabaka wala masizi. Mti ukifa namna hiyo tazama chini. Kwenye picha ya tano, karibu na ukingo, kuna mstari wa udongo uliochimbwa na kufukiwa, umepita kama nusu mita kutoka kwenye mashina na kuishia kwenye bomba jipya la maji. Hukuutaja kwenye barua. Bila shaka mafundi walichimba wakati wa masika au mara tu baada yake, wakakata mizizi yote ya upande ule, na kwa kuwa mvua ilikuwa bado inanyesha mti haukulalamika. Ukame ulipoingia ukawa hauna cha kunywea. Nusu ya mti wa pili iliyokauka ndiyo ile inayotazama mtaro, nenda ukathibitishe. Hapo hakuna ugonjwa wa kutibu. Uliokufa kata, ule wa nusu uache hadi mvua za vuli ziishe ndipo uamue.

Aina ya tatu ni yale mabaka bapa ya upande wa barabara, kama kichwa kilichonyolewa na kinyozi mwenye haraka. Juu kijani, chini kijani, katikati vijiti vitupu. Huo ni upanga wa kijana wako. Amekata ndani kupita majani, akafika kwenye mbao tupu isiyo na majani, na msaipresi hauchipui kwenye mbao ya namna hiyo. Bogenvilia ukiikata hadi kisiki inacheka na kurudi. Kayaba vilevile. Msaipresi hapana. Nasema kwa uchungu kwa sababu mwaka wangu wa pili kazini nilimshauri mzee mmoja aukate ua wake uliokuwa umerefuka hadi urefu wa mita moja, "utachipua upya, mzee, utakuwa mzito". Haukuchipua hata mti mmoja. Aliniita nikautazame, tukasimama wote wawili mbele ya vile visiki, hakunigombeza, akaniuliza tu kama nitakunywa chai. Ningeona heri angenigombeza.

Kwa hiyo mwambie kijana: mkasi wa bustani, siyo panga; akate ncha za kijani tu; afanye hivyo mvua zikiwepo, na Juni hadi Septemba auache. Na umbo liwe pana chini, jembamba juu. Ua wako sasa hivi umetuna juu kama uyoga, kwa hiyo sehemu ya chini haipati jua na inapukutika. Mabaka yale yatafunikwa polepole na matawi ya jirani yake, yakifunikwa. Baada ya kukata kwenye miti minne ile, pangusa mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa mti mzima.

Mchwa wa jirani ni kweli wapo, nimeuona udongo waliojengea kwenye shina moja. Lakini kwangura udongo ule, kisha kwangua gome kwa ukucha au kisu. Chini ya gome pakiwa na unyevu na weupe wa kijani, mchwa anakula gome kavu la nje tu, mti u hai. Pakiwa kahawia kavu, mchwa amekuja mazikoni, hakuwa muuaji. Kwenye miti iliyokomaa kama yako ni nadra sana yeye kuwa wa kwanza. Mtihani huo wa ukucha ufanye kwenye kila mti unaoutilia shaka kabla hujaukata.

Bado kuna ugonjwa mmoja ambao picha haziwezi kuniambia kama upo au la, na ningependa uutafute kwa sababu nyua nyingi za milimani zimepandwa mahali palipokuwa na msitu wa asili. Chukua jembe, fukua mguu wa mti mmoja kati ya ile minne, bandua gome pale shina linapoingia ardhini. Ukikuta utando mweupe kama ngozi nyembamba kati ya gome na mbao, wenye harufu ya uyoga, huo ni uozo wa mizizi unaoletwa na kuvu iitwayo Armillaria, inayoishi kwenye visiki vya zamani na kutembea kutoka mzizi hadi mzizi. Mambo yanabadilika hapo: sabuni haisaidii kitu, itabidi ung'oe mti ulioathirika na visiki na mizizi, pamoja na mti mmoja mzima kila upande, na usipande mti mwingine hapo hadi udongo ukae wazi kwa muda mrefu. Tazama pia mashina na matawi yenyewe. Matone ya utomvu mgumu juu ya gome lililodidimia ni donda la kuvu, tawi hilo likatwe chini kabisa ya donda. Ukikuta kimojawapo usihangaike na mimi wa mbali: kituo cha utafiti wa misitu cha TAFORI kiko hapo hapo Lushoto, peleka kipande kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, maana kwenye nailoni kitaoza njiani.

Kuhusu maji: ya kila jioni yanalowesha sentimita chache za juu, mizizi inapanda kuyafuata, na siku ukisafiri yote inaungua. Mpe kila mti ulio ndani ya zile mita tatu za kila upande wa ile minne ndoo mbili za lita 20, polepole, mara moja kila siku 10 hadi vuli. Weka matandazo ya majani makavu kwa unene wa kiganja, lakini yasiguse shina. Ua uliobaki una miaka zaidi ya 25, unajitegemea.

Sasa mapengo. Usipande msaipresi mchanga katikati ya wakubwa. Utanyimwa jua na maji, utakonda, na vidukari watamalizia kwake. Pale getini, ambapo kuna jua, weka kayaba, ule wenye miiba mirefu na matunda ya njano ambao wengi wanauita tu mchongoma. Panda miche kwa umbali wa sentimita 30 mvua za vuli zikishika, uikate ncha mapema ili itawanyike, na baada ya miaka kama mitatu hata mbuzi hapiti. Katikati, penye kivuli, isale inavumilia. Wachagga wanaiweka mipakani tangu enzi, na kipande cha shina tu kikichomekwa kinaota. Mnyaa sikushauri kama kuna watoto, maziwa yake yakiingia jichoni ni hospitali. Kwa sasa, kuziba pengo mwizi asilione, pigilia mabanzi. Kwenu ni ya bei nafuu na yatakaa miaka miwili bila shida.

Jambo ambalo shemeji hajalifikiria, na ambalo halihusu mimea: ua wa baba ndio mpaka. Upande wa shamba la jirani, yale mashina ni ushahidi unaojulikana na kila mtu kwamba kwenu ni hadi hapa. Siku utakapokata hata ile minne, mwite jirani na mwenyekiti wa kitongoji wawepo, kata usawa wa ardhi na uviache visiki mahali pake, labda ukute ile kuvu ya mizizi; hapo pigilia nguzo kabla ya kung'oa. Nimeona ua uking'olewa Jumatatu kwa nia ya kujenga ukuta, na kufikia mwisho wa mwezi msingi umebishaniwa hadi baraza la kata. Ukuta ukiutaka jenga, sina ugomvi na tofali, lakini miti 75 mizima si sababu ya kuujenga.

Matawi makavu, ulivyouliza. Usiyachomee hapo chini ya ua, hata kidogo: msaipresi mkavu unawaka kama uliomwagiwa mafuta ya taa, na moto utapanda kwenye mibichi kabla hujafika kwenye ndoo. Ya miti minne yatoe siku hiyo hiyo uliyokata, yachomee mahali peupe pasipo na upepo. Usiyatupie ng'ombe, hasa mwenye mimba, yanaweza kumharibia. Mashina yakaushe mwezi mmoja, ni kuni nzuri za kuanzishia moto, ila yana utomvu, yatarusha cheche, kwa hiyo nguo zilizoanikwa jikoni ziondoe kwanza.